CPA ya Ufilipino au CPA ya Marekani: mhasibu Mfilipino aanze na ipi?

Herufi ni zilezile tatu, CPA (Certified Public Accountant, yaani mhasibu mwenye leseni), lakini hizi leseni mbili ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanapotea hapo hapo mwanzoni, manake wanadhani ya Marekani ni daraja la juu la ile ya Manila, yaani ukimaliza hii ndo unapanda ile. Sivyo. Hakuna iliyo juu ya mwenzake, kila moja ina sheria yake, ina nchi yake, na ina hesabu zake za kusaini. Kwa hiyo swali la "ipi bora" halina jibu mpaka useme kwanza unataka kusaini hesabu za nani.

Mimi ni Mtanzania, niko upande wa hesabu hapa Dubai, na yeyote aliyefanya kazi ya uhasibu huku Ghuba, iwe Doha, Muscat au Riyadh, anajua meza ya pembeni kuna Mfilipino. Hili swali linapigwa kila lanchi. Na kuna Waswahili wenzetu wengine wameoa au kuolewa huko, wanamsomesha mwenza au shemeji, wanataka kujua hela yao iende wapi. Nimewasikiliza wenyewe wakibishana miaka, nimesoma sheria zao, hapa nawawekea zote mbili pembeni kwa pembeni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili nisikuzungushe. Aliyetoka chuo juzi na bado yuko Ufilipino aanze na ya nyumbani, asijiulize mara mbili. Aliyekaa miaka kwenye kampuni inayofanya hesabu za Wamarekani, au alishajaribu bodi ya Manila (mtihani wa leseni wa Ufilipino) ikamtupa, asiendelee kung'ang'ana, aende Marekani moja kwa moja. Wa katikati ndo wana kazi ya kufikiri.

Leseni yenyewe inakuruhusu nini

Ya Ufilipino inatolewa na PRC, tume inayosimamia fani zote kule, na chini yake kuna Bodi ya Uhasibu. Sheria inayoiongoza ni RA 9298 ya mwaka 2004, ila fani yenyewe ni ya zamani, sheria yao ya kwanza ya uhasibu ni ya 1923, enzi Mmarekani ndo mtawala. Sheria ya sasa imegawa kazi ya CPA sehemu nne: ukaguzi na huduma kwa umma, viwanda na biashara, ualimu, na serikali. Sasa kwenye zote nne cheo kikishasema lazima uwe CPA, wanamaanisha CPA wa PRC. Ukitaka kuajiriwa serikalini kama mhasibu wanakudai leseni hiyo, ukitaka kufundisha masomo ya uhasibu chuoni wanakudai hiyohiyo.

Halafu kuna soko la sahihi. Kodi ya kule inasema biashara yenye mauzo ya zaidi ya peso milioni 3 kwa mwaka lazima hesabu zake zikaguliwe na CPA wa kujitegemea. Fikiria maduka ya vifaa, mahoteli madogo, kampuni za malori, kila kisiwa wapo, wote hao wanatafuta mtu wa kusaini. Ndo mchongo wa kudumu wa CPA wa mkoani kule. Ila usidhani ukipasi tu kesho unafungua ofisi, unatakiwa uwe na uzoefu wa maana wa miaka 3 kisha Bodi ikuidhinishe, na mamlaka ya kodi, BIR, nayo ina uidhinishaji wake.

CPA ya Marekani kwenye hayo yote haikusaidii kitu. Katiba yao ya 1987 inasema kazi za kitaaluma ni za raia wa Ufilipino isipokuwa sheria iseme vingine, na kuwa raia peke yake hakutoshi, lazima upite PRC. Mfilipino mwenye leseni ya Marekani lakini hana ya nyumbani akijitangaza Manila kama CPA na kusaini ukaguzi, anavunja sheria.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Marekani ina makubaliano ya kutambuana na wahasibu wa nchi chache kama Canada, Australia na Mexico, Ufilipino haimo. Kwa hiyo hata uwe umeongoza bodi nzima ya Manila, sura yako imewekwa kwenye bango kubwa nje ya chuo (wanapenda sana hayo mabango wale), Marekani unaanza kwenye mstari mmoja na aliyefeli. Hakuna pepa hata moja unayosamehewa.

Hii ni habari mbaya kwa aliyepasi. Kwa aliyefeli ni habari njema sana na ajabu wengi hawaijui. Marekani hawakuulizi kama ulifeli Manila. Wanaangalia digrii na masomo uliyosoma, basi.

Kuna pia mpango wa ASEAN, makubaliano ya 2014, ambapo CPA wa Ufilipino anaweza kusajiliwa kama ASEAN CPA na kufanya kazi nchi jirani. Jina zuri, lakini kusaini ripoti ya ukaguzi hakumo, kwa hiyo usilijengee maisha.

Mitihani: siku tatu mfululizo au pepa moja moja

Hapa ndo tofauti kubwa kuliko zote na nataka nikae kidogo.

Bodi ya Manila ina masomo 6: uhasibu wa fedha, uhasibu wa fedha wa juu, huduma za ushauri kwa menejimenti, ukaguzi, kodi, na sheria za biashara. Yote yanafanywa ndani ya siku 3, mawili kwa siku, masaa 3 kila moja, maswali ya kuchagua, unajaza viduara kwa penseli kwenye karatasi ya majibu. Kufaulu unahitaji wastani wa 75 na somo lolote lisishuke chini ya 65. Soma tena hiyo sentensi. Manake unaweza ukapata 80 masomo matano, kodi ukapata 64, na umefeli. Afadhali sheria ina huruma kidogo, ukiwa na 75 kwenda juu kwenye masomo mengi, yaani kuanzia manne, unahifadhiwa hayo na unarudia yaliyobaki ndani ya miaka 2. Lakini ukifeli mtihani mzima mara mbili huruhusiwi kukaa tena mpaka ukasome upya uniti 24 za masomo ya mtihani (uniti ni kipimo cha uzito wa somo chuoni). Uniti 24 kwa mtu anayefanya kazi ni karibu mwaka wa maisha yake.

Wanaopasi ni wachache. Mtihani wa Mei 2024 walikaa watu zaidi ya 10,000, wakapasi zaidi kidogo ya 3,000, na kiwango hicho cha karibu 30 kwa 100 kimekuwa kikijirudia miaka ya karibuni. Sasa usichukulie kwamba wale 70 ni vilaza. Tatizo ni muundo. Kila kitu ulichosoma miaka minne lazima kiwe kichwani kwa wakati mmoja, wiki moja, ndo maana watoto wa mikoani wanahamia Manila miezi kadhaa kabla, wanapanga vyumba maeneo ya vyuo na kujisajili kwenye vituo vya rivyuu, yaani vya maandalizi ya mtihani, wanapiga msuli asubuhi mpaka usiku, hawafanyi kazi nyingine. Mtu anayeajiriwa, ana mtoto, anasoma baada ya kazi, ule muundo haumpendi kabisa.

Marekani ni kitu kingine. Tangu Januari 2024 mtihani una pepa 3 za lazima na 1 ya kuchagua. Za lazima ni AUD ya ukaguzi, FAR ya uhasibu wa fedha na REG ya kodi na sheria. Ya kuchagua ni BAR inayoendeleza uhasibu na uchambuzi, ISC ya mifumo ya kompyuta na udhibiti wake, au TCP ya kodi. Kila pepa masaa 4, unafanya kwenye kompyuta kituo cha mitihani cha Prometric, na unafanya moja moja kwa wakati wako. Leo FAR, baada ya miezi minne AUD. Muda wa kuzimaliza zote ulikuwa miezi 18, majimbo mengi sasa yamesogeza hadi 30. Ukifeli moja unarudia hiyo moja tu.

Kupasi ni 75 nako, lakini ile 75 sio asilimia, ni alama kwenye kipimo cha 0 hadi 99. Mwaka 2024 FAR walipasi karibu 40 kwa 100, AUD katikati ya 40, REG kidogo juu ya 60, TCP juu ya 70, BAR chini ya 40. Ukilinganisha kijuujuu utasema Marekani rahisi. Mimi nasema ni mgumu kwa namna nyingine. FAR ina maswali 50 ya kuchagua halafu mazoezi 7 ya vitendo, na hayo mazoezi ndo yanabeba nusu ya alama. Unafunguliwa faili lenye barua pepe ya mteja, mkataba wa mkopo, taarifa ya benki, na jedwali lenye seli tupu, unaambiwa rekebisha hesabu za mwisho wa mwaka, na humo ndani kuna nyaraka mbili tatu za kukupoteza tu. Mfilipino aliyelelewa kwenye viduara vya penseli, kwa maswali ya kuchagua ni mashine, huwezi kumkamata, ila akifika kwenye zile seli tupu ndo jasho linaanza. Kinachomuokoa ni kazi. Anayefanya hiyo kazi kila siku ofisini anaona kama yuko mezani kwake.

Kwa hiyo kwa mfanyakazi muundo wa Marekani ni rafiki zaidi, kwa mtoto aliyetoka chuo na kila kitu bado kibichi kichwani, muundo wa Manila ndo wakati wake.

Unachosoma sio kilekile

Ufilipino wanatumia PFRS ambayo ni IFRS, zile kanuni za kimataifa za uhasibu, imevaa shati la kwao. Marekani ni US GAAP, kanuni zao wenyewe. Mambo mengi yanafanana, lakini yanapotofautiana yanauma. Mfano wa stoo: umenunua mifuko 100 kwa dola 10, ukanunua tena 100 kwa dola 14, ukauza 100. Manila na huku Ghuba LIFO (kuhesabu kwamba mzigo wa mwisho kuingia ndo wa kwanza kuuzwa) imekatazwa, ukitumia FIFO (wa kwanza kuingia ndo wa kwanza kuuzwa) gharama ya mauzo ni dola 1,000. Marekani LIFO inaruhusiwa, gharama inakuwa 1,400, faida inashuka na kodi inashuka nayo. Au jengo limepanda thamani: IFRS inakuruhusu kulipandisha kwenye vitabu, Mmarekani anakukatalia. Bidhaa ulizozishusha thamani zikirudi juu, IFRS unarudisha, Mmarekani hapana. Vitu vidogo vidogo hivyo viko vingi, na aliyekariri bodi ya Manila anajikuta anajibu kwa mazoea.

Kodi ndo hakuna ndugu kabisa. Kodi ya Manila ni sheria yao na mabadiliko yake, TRAIN ya 2018, CREATE ya 2021, fomu za BIR. REG ni kodi ya shirikisho ya Marekani, fomu 1040 ya mtu binafsi, 1065 ya ubia, 1120 ya kampuni, K-1 ya kila mbia. Ukisoma moja huijui nyingine. Sheria hivyohivyo, Manila unasoma mikataba kwa sheria ya kiraia waliyorithi kwa Mhispania, upande mwingine ni sheria za biashara za Mmarekani.

Kitu kinachofaa kubebwa kutoka Manila kwenda Marekani ni ukaguzi na uhasibu wa gharama. Hapo anayejua anajua.

Hela

Ada ya mtihani ya PRC ni peso 900, kama dola 16 hivi. Gharama halisi iko kwenye rivyuu na chumba cha kupanga Manila na miezi ya kutokuwa na mshahara, na kwa familia ya mkulima wa Visayas hiyo sio ndogo, lakini ada yenyewe ni bei ya lanchi ya watu wawili hapa Dubai.

Marekani sasa. Kwanza unalipa kutathminiwa digrii yako. Afu maombi ya jimbo. Afu kila pepa, ukijumlisha ada ya kawaida na nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani, inapita dola 600, kwa hiyo pepa nne zinapita dola 2,400 na hapo ni ukipasi zote mara ya kwanza, takwimu nimeshakupa hapo juu, fanya hesabu mwenyewe ya kurudia moja au mbili. Kozi kubwa za maandalizi kama Becker zinaweza kupita dola 2,000 zenyewe. Mtu wa Makati, mji wa maofisi pale Manila, anayelipwa kwa peso asiingie hapo kwa mkopo wa riba, naomba sana. Kampuni nyingi za Manila zinazofanya kazi za Wamarekani zinalipia wafanyakazi wao, kwa sharti la kukaa nao muda fulani. Soma huo mkataba kwa makini, angalia ukiondoka mapema unarudisha nzima au kwa uwiano, na angalia ukifeli nani analipa pepa ya marudio.

Afadhali kitu kimoja kimepungua, nauli. Zamani walikuwa wanapanda ndege hadi Guam, na Guam ni ardhi ya Marekani kwa hiyo unahitaji viza ya Marekani kwanza, au wanakuja Japan au huku Dubai. Sasa mtihani unafanyika Ufilipino kwenyewe. Walioko Ghuba wanafanyia hapahapa Dubai, au Kuwait, au Bahrain. Kwa bodi ya nyumbani, PRC huwa inaandaa mitihani maalum Mashariki ya Kati kwa fani zinazotangazwa mwaka huo, fuatilia ratiba yao kabla ya kukata tiketi ya kurudi.

Kupasi ni kimoja, leseni ni kingine

Ufilipino ukipasi majina yanatoka siku chache, unaapa, unajisajili, unapewa kadi, umekuwa CPA. Kadi unaihuisha kila miaka 3 na uniti za mafunzo endelevu, usumbufu kidogo, sio tatizo.

Marekani watu wanakwama hapa na ndo sehemu isiyosemwa na wauza kozi. Kule hakuna leseni ya nchi. Kuna mamlaka 55, majimbo 50 pamoja na Washington DC, Guam, Puerto Rico na wenzake, kila moja na masharti yake. Mtihani ni mmoja, leseni ni za jimbo. Kwa kawaida wanataka saa 150 za masomo ya chuo (sio saa za ukutani, ni uniti za masomo), uzoefu wa mwaka mmoja yaani kama masaa 2,000, na huo uzoefu uthibitishwe na CPA wa Marekani mwenye leseni hai. Baadhi wanataka na mtihani wa maadili. Baadhi wanataka namba ya Social Security ambayo Mfilipino aliyeko Cebu hana na hawezi kuipata.

Saa 150 kwa Wafilipino sio mlima kama kwa wengine, mfumo wao wa vyuo ni wa uniti uliorithiwa kwa Mmarekani na digrii yao ya uhasibu ina uniti nyingi. Ila kinachoamua ni tathmini, sio wewe. Na sharti lenyewe linaanza kulegea, Ohio kwa mfano walisaini sheria Januari 2025 inayofungua njia ya digrii ya kwanza na uzoefu wa miaka 2 badala ya hizo saa za ziada, na majimbo mengine yamefuata.

Sahihi ya uzoefu ndo mfupa. Kama bosi wako Manila ni CPA wa Marekani, mambo yameisha. Kama uko Dubai kwenye kampuni ya biashara ya familia, mkuu wa fedha ni CA, yaani mhasibu mwenye sifa za India, nani atakusainia? Hili linatakiwa kujulikana kabla hujalipa hata senti, sio baada ya kupasi pepa nne. Nimeona mtu amepasi zote, barua anayo, leseni hana, kwenye CV anaandika "amefaulu mtihani wa CPA" na anaomba asiulizwe zaidi.

Kwa hiyo chagua jimbo kwa kuanzia mwisho, yaani angalia masharti ya leseni kwanza, mtihani baadae.

Kazini inakuwaje

Wanaobaki Manila na leseni ya nyumbani njia yao inajulikana, wanaingia kampuni kubwa za ukaguzi kama SGV, ile iliyoanzishwa 1946 na Washington SyCip, wanakula msoto miaka miwili mitatu, afu wanatoka kwenda viwandani, benki, au huku kwetu.

Wa leseni ya Marekani wengi hawaendi Marekani. Hili nalisisitiza manake familia zinadhani leseni ni viza. Leseni sio viza, haikupi hata foleni ya viza. Wanabaki palepale Ufilipino, BGC, Makati, Cebu, Clark, wanafanya hesabu za Texas na Ohio kwa kompyuta. New York ikiwa saa tatu asubuhi, Manila ni saa tatu au saa nne usiku kutegemea msimu. Kazi nyingi ni za usiku, na sheria ya kazi inadai nyongeza isiyopungua asilimia 10 kwa masaa ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kuna wanaoipenda, barabara za Manila usiku hazina foleni. Kuna ambao mwili umekataa kabisa. Na cha kuchekesha, tarehe ya mwisho ya ritani ya kodi ya mwaka ni 15 Aprili nchi zote mbili, kwa hiyo aliyebeba wateja wa pande zote Machi hiyo hapati usingizi.

Huku Ghuba ukisoma matangazo ya kazi yanaandika CPA, CA, ACCA ya Uingereza, yote kwenye mstari mmoja, na maafisa ajira wengi hawajui CPA ni ya nchi gani. Kazi za kawaida, mhasibu, mhasibu mwandamizi, leseni ya PRC inatosha kabisa na ndo iliyowaleta wengi wao hapa. Ya Marekani inaanza kulipa ukipanda, kampuni yenye makao makuu Marekani, ripoti za kikundi kwa US GAAP. Nje ya hapo, huku kwenye IFRS, unalipia dola elfu kadhaa kitu ambacho bosi wako hatakitumia. Kwa mtu anayetaka kubaki Dubai miaka mingi mimi ningesema heri hiyo hela aiweke ACCA, lakini huo ni ugomvi mwingine.

Njia ya kando: EA

Kabla hujalipa, ijue hii. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina leseni yake inaitwa EA (Enrolled Agent). Mitihani 3 ya maswali ya kuchagua, 100 kila mmoja, kodi tu: ya watu binafsi, ya biashara, na taratibu za kumwakilisha mteja mbele ya IRS. Haidai digrii, haidai saa 150, haidai uraia, haidai bosi wa kukusainia. Ni leseni ya shirikisho, haina mambo ya jimbo hili na lile. Kwa Mfilipino anayejaza ritani za Wamarekani kila usiku, hii inaingia moja kwa moja kwenye kazi yake kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na CPA, na mimi naona inadharauliwa bila sababu. Haikupi ukaguzi, haikupi jina la CPA kwenye kadi. CMA nayo ipo, pepa mbili, ila ile ni cheti cha uhasibu wa menejimenti, sio leseni, mwenye kuitaka anajijua.

Nani achukue nini

Umehitimu mwaka huu, uko nyumbani, wazazi wanaweza kukubeba miezi sita: bodi ya Manila, na uikae mapema kabla kichwa hakijapoa. Ada ni dola 16, huna cha kupoteza zaidi ya muda, na milango ya serikali, ualimu na kusaini ukaguzi haifunguki kwa kitu kingine chochote.

Umefeli mara mbili na sasa wanakudai uniti 24: kama una kazi kwenye kampuni ya hesabu za Wamarekani, achana nazo, anza Marekani, au EA kwanza upate nguvu. Kama ndoto yako ni ofisi yako mwenyewe Iloilo na wateja wa mtaani, hapo sina ujanja, kasome uniti.

Unayo ya PRC tayari, unafanya kazi za Marekani, kampuni inalipia na bosi ana leseni hai: chukua, hapo hata sijui unasubiri nini.

Unayo ya PRC, uko Ghuba, kampuni ya wenyeji: tulia kwanza mpaka ujue nani atakusainia uzoefu.

Kwa anayeanza Marekani kuna mambo mawili ya vitendo. La kwanza jina. Wafilipino jina lao la kati ni ukoo wa mama, sasa kwenye fomu za Marekani jina la kati ni kitu kingine, wengine wanaandika herufi moja, wengine wanaliruka, na wanawake walioolewa wanasogeza ukoo wa baba katikati. Jina kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa kufanya mtihani lazima lilingane na pasipoti utakayoonyesha mlangoni, likipishana mlangoni unarudishwa na ada imekwenda. Andika kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi, tangu fomu ya kwanza ya tathmini.

La pili, mpangilio wa pepa. Saa ya ile miezi 30 haianzi siku unapojiandikisha, inaanza ukishapasi pepa ya kwanza. Kwa hiyo anza na FAR, ile kubwa, uifeli au uipasi ukiwa bado huna saa inayokimbia nyuma yako, ifuatie AUD, kisha REG, na kama umechagua TCP iunganishe na REG hapohapo kodi ikiwa bado ya moto. Ila pepa za kuchagua hazifanyiki muda wowote kama zile za lazima, zina madirisha yake kwa mwaka, kwa hiyo tafuta tarehe ya TCP kwanza halafu rudi nyuma upange REG.